Mwenda, Bingwa wa Vidole Viwili

Hapa Luvungi, nikifundisha vijana gitaa, naanza na Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, akipiga "Masanga": kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinacheza juu ya nyuzi nyembamba, hadi unadhani wapigaji ni wawili. Akapiga Nairobi, na mwaka 1969 akapanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mwenda alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990. Vijana wangu, shikeni kwanza mtindo wake, kisha tungeni nyimbo zenu, kwa Kiswahili chetu.