Kwa Nini Waridi Jekundu Hugeuka Doa Kwenye Picha?

Umepata kamera mpya, umeingia nayo bustanini, ukalenga waridi jekundu juani. Majani yametoka vizuri, hata udongo umetoka vizuri. Ila waridi lenyewe limekuwa doa jekundu tu: petali zimeshikana, mikunjo haionekani. Unafuta lenzi, unapiga tena, bado. Kumbe mara nyingi lenzi haina kosa. Shida iko kwenye namna kamera inavyopima mwanga.

Nyuma ya lenzi kuna sensa (siyo ile ya kuhesabu watu!). Ni kibapa chenye mamilioni ya vipokea mwanga vidogo sana, yaani pikseli. Pikseli peke yake haijui rangi, inapima wingi wa mwanga tu. Kwa hiyo kila moja hufunikwa kichujio cha rangi moja: nyekundu, kijani au bluu. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Katika kila pikseli 4, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja bluu. Kijani imependelewa kwa sababu macho yetu huitegemea zaidi kuona undani wa vitu.

Sasa chukulia kila pikseli ni ndoo uliyotega mvua. Waridi jekundu hurudisha mwanga mwekundu mwingi, wa kijani na bluu kidogo. Ndoo nyekundu zinajaa haraka, nyingine ziko karibu tupu. Kamera ikichanganya zote na kutafuta wastani, inaona kama pana giza, basi inaongeza mwanga. Hapo ndoo nyekundu zinafurika.

Kwenye picha ya JPEG kila rangi hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Ndoo ikifurika, sehemu ya petali inayong'aa inaandikwa 255, na mkunjo ulio pembeni yake nao 255. Tofauti imekufa. Ndoo iliyojaa pomoni haikuambii mvua ilinyesha saa moja au saa tano.

Utasema, "Si nitairekebisha kwenye kompyuta?" Unaweza kuifanya iwe na giza zaidi, lakini mikunjo hairudi, maana haikurekodiwa. Kama picha ni ya pambo, sawa. Kama ni ya mradi wako wa botania, au unataka mtaalamu aangalie madoa kwenye petali, umepoteza ushahidi wenyewe, na ua linaweza kuwa limenyauka kesho.

Ufanyeje? Tafuta kitufe chenye alama ya + na −. Ukiweka −1, mwanga unapungua kwa nusu. −2, unabaki robo. Kwenye simu nyingi, gusa ua kwenye kioo kisha shusha mwanga kwa kidole. Pia subiri wingu au lipige ua likiwa kivulini. Na ukitazama histogramu, chagua inayoonyesha rangi tatu mbalimbali, kwa kuwa ile ya jumla inaweza kukuambia mambo ni shwari wakati nyekundu imeshafurika.

Hebu jaribu leo: waridi moja, picha tatu, kwa 0, −1 na −2. Zikuze zote kwenye kioo uhesabu petali. Ni ipi imekuonyesha nyingi zaidi?