Biashara ya sarafu: Mbona rafiki mwenye mshahara anaguna? (Sehemu ya 2)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza foreksi ni nini: unanunua sarafu moja kwa kuuza nyingine, na tofauti ya bei ndiyo faida au hasara yako. Leo tuwasikilize watu ambao vijana wa foreksi hawapendi kuwasikiliza, yaani marafiki zao walioajiriwa. Mwambie mwalimu, nesi au mhasibu kwamba umeacha kazi ili uishi kwa kutredi, uone atakavyoguna. Vijana husema huo ni wivu, au woga wa watu waliozoea kutumwa. Mimi naona wengi wa marafiki hao wamepiga hesabu, hata kama hawajaiandika popote.

Tuiandike basi. Kijana ana mtaji wa Sh milioni 5, na kwa Dar es Salaam hizo si haba. Kodi ya nyumba, chakula, nauli, umeme na kidogo cha kumtumia mama kijijini vinamtaka Sh 600,000 kwa mwezi. Ili ale bila kugusa mtaji, lazima apate faida ya asilimia 12, tena kila mwezi. Kampuni ya Berkshire Hathaway ya Warren Buffett, ambaye dunia nzima inamtaja kuwa bingwa wa uwekezaji, imekuza thamani ya hisa zake tangu 1965 kwa wastani wa karibu asilimia 20. Hiyo ni kwa mwaka. Kijana wetu anatakiwa ampite Buffett kila baada ya miezi miwili.

Mwezi mbaya nao utakuja, na tumbo halisubiri. Akipoteza asilimia 20, milioni 5 zinakuwa 4. Akitoa za kula, zinabaki milioni 3.4. Mwezi unaofuata Sh 600,000 zilezile zinadai faida ya karibu asilimia 18. Hapo ndipo anapoanza kuongeza ukubwa wa oda zake, na dalali wake wa mtandaoni yupo tayari kumkopesha nguvu ya kufanya hivyo. Kwa kiwango cha 1:100, dola 200 hushika biashara ya dola 20,000. Bei ikienda kinyume kwa asilimia 1 tu, dola 200 zote zimekwenda. Kwa kawaida takwimu za ajira za Marekani hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa 9:30 au 10:30 alasiri kwa saa zetu kutegemea majira yao, na bei ya dola huweza kuruka kwa nguvu ndani ya dakika chache. Jioni hiyo ndiyo utasikia vijana wakiambiana akaunti imeungua.

Wala hali hii si ya sarafu pekee. Nchini Brazil, watafiti waliwafuatilia watu walioanza kununua na kuuza mikataba ya bei za hisa kila siku, kati ya 2013 na 2015. Waliodumu zaidi ya siku 300 walikuwa 1,551. Asilimia 97 kati yao walipata hasara. Waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara walikuwa asilimia 1.1, na waliozidi mshahara wa kuanzia wa keshia wa benki asilimia 0.5. Wala hapakuwa na dalili kwamba kuendelea na biashara hiyo kuliwafundisha.

Lakini hesabu peke yake haimalizi guno la rafiki. Mjini tunaishi kwa ahadi za mwisho wa mwezi. Kwenye kikao cha harusi mwenye mshahara anaahidi laki moja, na mweka hazina anajua tarehe ya kumpigia. Treda anaahidi laki tano wiki aliyoshinda, kisha simu haipatikani. Benki inataka hati ya mshahara kabla ya mkopo. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Akaunti ikiungua, anayepigiwa simu ni huyohuyo rafiki mwenye mshahara. Ana haki ya kuguna mapema. Kisha wapo waliopanda fedha zao, zilizoitwa mbegu, katika mpango wa upatu wa DECI uliozuiwa mwaka 2009, na hao ukitaja tu faida ya haraka wanasimama waondoke.

Marafiki hawa wenye mshahara wanapokosea ni wanaposema foreksi yote ni utapeli. Soko lenyewe ni halali. Kenya ilitunga kanuni za madalali wa mtandaoni mwaka 2017 na kuanza kutoa leseni mwaka uliofuata. Benki zetu nazo zina watu wanaonunua na kuuza sarafu kutwa nzima. Ila watazame hao vizuri: mtaji ni wa benki, kiwango cha hasara wamewekewa, na tarehe ya mshahara ikifika wanalipwa. Hata treda aliyesomea kazi hii, basi, mara nyingi ni mwajiriwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia anaishi kwa foreksi, usiridhike na skrinishoti ya siku aliyoshinda. Mwombe taarifa ya akaunti ya miaka miwili, inayoonyesha fedha alizoweka na alizotoa. Nawe unayeandika barua ya kuacha kazi, itazame kwanza taarifa ya akaunti yako mwenyewe. Kama haijafikisha miaka miwili, barua hiyo isubiri.