Tumkumbuke bibi wa Mpondwe kwa wema wake

BWERA, Kasese – Siku ya gulio hapa Mpondwe, akina mama ndio wa kwanza kufika darajani. Kutoka upande wa Uganda wanabeba samaki wa Ziwa Edward, chumvi ya Katwe, unga na maharagwe. Kutoka Kasindi wanakuja na mawese na vitenge. Jioni kila mmoja anarudi nyumbani, ingawa kwa wengi nyumbani ni pande zote mbili za mto Lhubiriha.

Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni na Butembo ni watu wa asili moja. Anayeitwa Baluku hapa Bwera, Kongo anaitwa Paluku. Bwambale ni Kambale, Kabugho ni Kavugho. Mpaka uliwekwa na wakoloni. Undugu ulikuwepo tangu zamani. Ndiyo maana mtu akiugua Beni, simu inapigwa Kasese. Na mara nyingi anayefunga kitenge na kuondoka kwanza ni bibi wa familia.

Juni 2019 bibi mmoja alifariki katika Hospitali ya Bwera, akiwa na umri wa miaka 50. Jina lake hatulitaji, kwa heshima ya walioachwa. Vyombo vya habari vya dunia nzima vilimtaja kama mtu wa pili kufa kwa Ebola nchini Uganda katika mlipuko ule. Habari ikaishia hapo. Sisi wa mpakani tuna sababu ya kukumbuka pia kilichompeleka safari ile.

Babu wa familia alikuwa mgonjwa upande wa Kongo. Bibi huyu, pamoja na mama wa watoto, wajukuu na yaya, walikwenda kumuuguza. Babu alifariki tarehe 1 Juni, na ikathibitishwa kwamba alikuwa na Ebola. Familia ilimuuguza na kuhudhuria mazishi yake, kama familia yoyote ya hapa ingefanya.

Wakati wa kurudi, baadhi ya jamaa walikuwa tayari wanaonyesha dalili. Maafisa wa afya wa Kasindi waliwatenga watu 12, wakisubiri kuwapeleka Beni kwa matibabu. Sita kati yao waliondoka na kuvuka kwa njia ya panya. Mvulana wa miaka mitano alifikishwa Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha Ebola cha Bwera. Tarehe 11 Juni serikali ya Uganda ilithibitisha kuwa ni Ebola, na mtoto akafariki. Bibi yake alimfuata baada ya muda mfupi. Mdogo wake mtoto yule, wa miaka mitatu, alirudishwa Kongo pamoja na mama yao kwa makubaliano ya nchi mbili, naye akafia huko.

Bibi aliyesafiri kwa ajili ya mgonjwa na mazishi alizikwa na watumishi waliovaa mavazi ya kinga. Hakuna binti aliyemwosha. Kwa watu wetu, huo ni msiba juu ya msiba.

Ni rahisi kulaumu njia ya panya, na kosa lilikuwepo. Lakini kila mfanyabiashara wa hapa ajiulize kwa ukweli: ukiwa na mjukuu anayetapika damu mgongoni, na hospitali unayoijua iko ng'ambo ya mto, utasubiri gari lije? Virusi havikupata njia kwa ubaya wa mtu. Vilipita katika mikono inayomlisha mgonjwa na kufua shuka zake. Anayependwa na wote ndiye anayewagusa wote, na ndiye anayekuwa hatarini kwanza.

Sokoni tuliuona uzito wake. Siku za gulio na mikusanyiko ilisimamishwa Kasese. Aliyekuwa amenunua samaki wabichi kwa mkopo alibaki na samaki na deni. Hata hivyo, maandalizi yalisaidia. Kabla ya Juni ile, wahudumu wa afya karibu 4,700 nchini Uganda walikuwa wamekwisha kuchanjwa, na waliokuwa karibu na familia ile walichanjwa haraka. Ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda kutoka kwao. Upande wa pili wa daraja mlipuko uliendelea hadi Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287.

Tangu wakati huo Ebola imerudi Kivu Kaskazini zaidi ya mara moja. Kongo nayo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na biashara ya mpaka huu inatarajiwa kukua. Watu watazidi kuvuka, na bibi zetu watakuwa miongoni mwao, kwa kuwa hakuna sheria itakayomzuia mama kwenda kwa mgonjwa wake.

Linalowezekana ni kumlinda. Bibi akiitwa kuuguza ng'ambo, familia imuulizie kwanza: mgonjwa ana homa gani, ameonwa na daktari? Asiguse damu wala matapishi kwa mikono mitupu. Mgonjwa akifariki na ugonjwa haujulikani, maiti isioshwe kabla wahudumu wa afya hawajaitwa. Wakati wa kurudi apite darajani, apimwe joto, anawe mikono, aseme alikotoka. Na sisi tulio kwenye foleni tusimnyanyapae anayesema ukweli. Akiona ukweli unamletea aibu, safari ijayo atapita mtoni.

Katika familia zetu bibi ndiye anayelea wajukuu wakati mama yao yuko sokoni. Ndiye anayelala sakafuni chini ya kitanda cha mgonjwa, na anayejua nani anadaiwa na nani wa kusamehewa. Bibi aliyefia Bwera mwaka 2019 alikuwa katika kazi hiyo hiyo mpaka siku zake za mwisho. Siku ya gulio ijayo, unapofika kwenye maji ya kunawa pale mpakani na kukuta foleni ndefu, mkumbuke, kisha nawa.