Kizazi Kikishuka, Ndoa Isishuke

Saluni tunaongea kila kitu, ila hili tunalimeza: kizazi kushuka. Mimi nimeishi nalo miaka miwili baada ya mtoto wangu wa pili. Unahisi kama kuna yai limekaa ukeni. Asubuhi afadhali, jioni zito. Nikicheka, mkojo unatoka. Tendo la ndoa nikawa nalikwepa, mume wangu akadhani nina mwingine.

Shoga, huu si uchawi wala umalaya. Ni misuli na kano zinazoshikilia kizazi, kibofu na utumbo ndizo zimelegea. Sababu ni kuzaa, hasa uchungu ukiwa mrefu, kikohozi kisichoisha, choo kigumu, mizigo mizito na umri.

Si kila mtu hupasuliwa. Kuna mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, yale aliyoyaandika Dk. Arnold Kegel wa Marekani mwaka 1948, na kuna pete laini inayovaliwa ukeni. Mimi havikutosha, nikapasuliwa.

Kazi yenyewe huanza ukirudi nyumbani. Kwa wiki 6 hivi hakuna tendo la ndoa mpaka daktari aruhusu, hakuna ndoo ya maji wala kumbeba mtoto. Kula mboga na matunda, kunywa maji, usijikamue chooni. Mume wangu nilikwenda naye kliniki akasikia mwenyewe. Ndoo sasa anabeba yeye.

Tatizo laweza kurudi, hivyo mazoezi naendelea nayo. Ukihisi kitu kinashuka huko chini, muone daktari wa wanawake. Mficha uchi hazai, na hili nalo ukilificha haliponi.