Magurudumu manne hayasimamishi gari kwenye barafu

JAMAA wengi huku nyumbani, wakipokea picha ya mwana wao aliyeko Minnesota, Marekani, akiwa ameegemea gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, husema tayari ametajirika. Wengine hata hununa. Yawaje pesa za gari kubwa zipatikane na za karo zikosekane?

Huenda wanamlaumu bure. Kwetu, gari la aina hiyo ni la mwenye mali, au la mkulima wa Kinangop anayepambana na matope. Huko ni gari la kawaida tu, na mwenyewe huenda ni muuguzi ambaye zamu yake ya usiku haiahirishwi kwa sababu theluji imeanguka. Wakenya ni wengi katika jimbo hilo, na baridi ya Januari huweza kupita nyuzi 20 chini ya sufuri.

Lakini je, gari hilo lamsaidia kwa kiasi gani? Hapa ndipo wengi hudanganyika.

Gari la kawaida husukumwa na magurudumu mawili. Yakikanyaga theluji huzunguka bure na gari lisitoke mahali. Nguvu ikifika kwa yote manne, yale yaliyoshika ardhi hulivuta. Subaru, gari ambalo Patrick Njiru alimalizia nafasi ya nne katika Safari Rally ya 1994, lilianza hivyo. Kampuni ya umeme ya kaskazini-mashariki mwa Japani ilitaka gari la kuwafikisha mafundi wake milimani wakati wa theluji, lisilowatikisa kama jipu. Matokeo yake yakawa Leone ya 1972.

Kuondoka, hata hivyo, ni jambo moja na kusimama ni jingine. Kila gari, hata lile kuukuu la jirani yako, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Kwa hivyo dereva akikanyaga breki, mwenye gari la bei hana faida yoyote juu ya mwenzake. Tena yumo hatarini zaidi, kwa sababu gari lake liling'oka vizuri hata asihisi jinsi barabara inavyoteleza. Anakuja kuligundua hilo mbele ya taa nyekundu.

Aliyejifunza udereva kwenye matope ana kazi ya ziada. Matopeni tumezoea kutoachilia mafuta, maana ukisimama umekwama. Kwenye barafu mwendo huo huo ndio unaokutupa mtaroni.

Kinachoshika barabara ni mpira wa tairi. Tairi la kawaida huanza kuwa gumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Tairi la majira ya baridi hubaki laini, na uso wake umechanjwa vijimistari vingi vya kung'ata theluji. Hutambulika kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Katika jimbo la Quebec, Kanada, sheria hulazimisha matairi hayo kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Minnesota haina sheria hiyo, basi kila mtu hujiamulia kulingana na mfuko wake.

Kwa maoni yangu, mwenye pesa za kitu kimoja tu anunue matairi manne ya baridi na abaki na kigari chake kidogo, hasa akiishi Minneapolis, mji ulio tambarare. Wa Duluth, ambako barabara huteremka kwa kasi kuelekea Ziwa Superior, siwezi kumgombeza akitafuta magurudumu manne. Ila ayavishe matairi hayo hayo.

Ajue pia kwamba gari hilo hunywa petroli zaidi na lina difu ya ziada ya kutunza. Tairi moja likiharibika, mara nyingine hulazimika kununua yote manne, kwani ukichanganya jipya na vipara mitambo huumia. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu nayo hula bodi ya kila gari.

Na kabla ya kuwasha injini asubuhi, aondoe theluji iliyoziba bomba la moshi. Gesi ya kaboni monoksidi ikirudi ndani ya gari huua, na haina harufu.