Mstari Mweupe wa Ukucha: Ustadi wa Fundi na Afya ya Ngozi

Miongoni mwa mapambo ya kucha yanayopendwa katika saluni za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, umo mtindo uitwao Kifaransa. Ukucha huachwa na rangi yake ya waridi hafifu, na ncha yake hupakwa mstari mweupe uliopinda kama mwezi mwandamo. Jina hudokeza Paris, lakini anayetajwa zaidi kuwa aliueneza ni Jeff Pink wa Marekani, mwanzilishi wa kampuni ya Orly, katika miaka ya 1970. Inaelezwa kwamba waigizaji wa filamu walihitaji kucha zinazolingana na mavazi ya kila namna bila kupakwa upya kila wanapobadili nguo.

Zamani mstari huo ulipakwa kwa rangi ya kawaida, ambayo hukauka kiyeyushi chake kinapopotelea hewani. Siku hizi mafundi wengi hutumia jeli, inayodumu wiki mbili au zaidi bila kupoteza mng'aro. Jeli haikauki kwa hewa. Huganda kwa mabadiliko ya kikemia chini ya taa. Mabadiliko hayo yakikamilika, mteja huondoka na pambo lisilo na madhara makubwa. Yasipokamilika, au jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara, fundi au mteja anaweza kupata mzio wa kudumu maishani.

Jeli inavyoganda

Jeli iliyomo chupani ni mchanganyiko wa kemikali za jamii ya akrileti na methakrileti. Mojawapo inayotumika sana ni hidroksiethili methakrileti, ambayo kwa kifupi huandikwa HEMA. Molekuli zake ni ndogo na hutembea huru. Ndani ya mchanganyiko huo mna pia kemikali inayovunjika inapopigwa na mwanga wa taa, na vipande vyake huzifanya molekuli ndogo zishikane hadi ziwe minyororo mirefu iliyosukwa pamoja.

Molekuli iliyofungwa ndani ya mnyororo haipenyi ngozi. Iliyobaki huru hupenya, na ndiyo inayouamsha mfumo wa kinga ya mwili. Kwa jicho la tabibu, basi, kazi ya fundi ina masharti mawili: jeli mbichi isiguse ngozi, na jeli yote iliyo juu ya ukucha igande sawasawa.

Kazi ya fundi hatua kwa hatua

Fundi makini huanza kwa kunawa na kukagua. Ukucha wenye uvimbe, usaha, kidonda, rangi ya kijani au mstari mweusi uliozuka karibuni haupakwi. Mwenye nao huelekezwa kituo cha afya. Kijingozi kinachofunika shina la ukucha husukumwa nyuma taratibu wala hakikatwi, kwa kuwa ndicho kizibo kinachozuia vijidudu kuingia chini. Uso wa ukucha husuguliwa kidogo kwa tupa laini, kiasi cha kuondoa mng'aro tu. Ukisuguliwa kupita kiasi huwa mwembamba, na kemikali hupata njia nyepesi ya kufika kwenye nyama iliyo chini yake.

Kisha hupakwa tabaka la msingi, jembamba, likiacha nafasi ndogo pande zote kati ya jeli na ngozi. Jeli ikimwagikia ngozi, hufutwa kwa kijiti chenye alkoholi kabla mkono haujaingia katika taa. Vidole vinne hugandishwa pamoja, na dole gumba hugandishwa peke yake, kwa sababu likiwekwa pamoja na vingine hulala upande na sehemu ya jeli hukosa mwanga.

Mstari mweupe ndio mtihani wa mtindo huu. Weupe wake hutokana na chembe za titani dioksidi, ambazo huzuia na kutawanya mwanga. Tabaka nene la jeli nyeupe huweza kuwa gumu juu huku chini likiwa bado bichi, na mteja asitambue. Kwa hiyo fundi hupaka matabaka mawili membamba, akigandisha kila moja, badala ya moja zito. Mpindo wa mstari hunyooshwa kwa brashi nyembamba iliyochovywa katika alkoholi, si kwa kidole.

Mwisho huja tabaka la juu. Baada ya kugandishwa, aina nyingi hubaki na utando unaonata, kwa kuwa oksijeni ya hewani huzuia uso wa jeli kuganda kabisa. Utando huo una molekuli huru nyingi. Hufutwa kwa kitambaa cha kutupa chenye alkoholi, kuelekea ncha ya ukucha, mbali na ngozi.

Taa nayo ina sehemu yake. Kila jeli hutengenezwa kwa kiwango na aina fulani ya mwanga. Jeli ya kampuni moja ikitiwa katika taa ya nyingine, au taa ikiwa imechakaa, uso unaweza kuonekana mgumu na jeli isiwe imeganda yote.

Mzio na matokeo yake

Mzio wa methakrileti hauonekani siku ya kwanza. Mtu anaweza kuitumia jeli kwa miezi au miaka bila tatizo, kisha mwili ukaitambua kuwa adui. Vidole huwasha, ngozi huvimba, hukauka na kupasuka, na ukucha huweza kuachana na nyama. Vipele huweza kutokea pia kwenye kope, mashavu na shingo, mahali ambapo mikono na vumbi la kusugua kucha hufika.

Wenyeji wa pwani wanalijua jambo linalofanana na hili kupitia piko, rangi nyeusi inayopakwa badala ya hina. Aliyepata mzio kwa kemikali ya piko huweza kuvimba kichwa na uso anapopaka rangi ya nywele yenye kemikali hiyo hiyo. Vivyo hivyo, kemikali za jamii ya methakrileti hutumiwa katika gundi na vijazio vya meno, na katika saruji inayoshikiza viungo bandia vya nyonga na goti. Akrileti zimo pia katika gundi za baadhi ya vifaa vinavyobandikwa ngozini na wagonjwa wa kisukari. Pambo la wiki mbili, kwa namna hiyo, linaweza kutatiza matibabu ya miaka ijayo.

Fundi yumo hatarini zaidi ya mteja, kwa kuwa hushika kemikali hizi siku nzima, na akiugua hupoteza riziki. Glavu nyembamba hazitoshi kuwa ngao: methakrileti huweza kupenya glavu za nitrili kwa dakika chache, na za mpira wa kawaida vilevile. Glavu iliyoguswa na jeli ivuliwe mara moja. Shingo ya chupa, mpini wa brashi na meza vifutwe, kwa maana uchafu huo huhamia kwenye simu na uso.

Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi wa taaluma hiyo pekee, na ziwe na maandishi ya onyo la mzio. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, umoja huo umepiga marufuku kiamsha-mwanga kiitwacho TPO katika vipodozi. Mnunuzi wa Afrika Mashariki ana sababu ya kusoma viambato kwenye chupa, na kukataa chupa isiyovitaja.

Mwanga, usafi na kuondoa jeli

Mwezi Januari 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walichapisha utafiti uliofanywa kwa seli za binadamu na za panya katika maabara. Mwanga wa taa ya kucha kwa dakika 20 uliua asilimia 20 hadi 30 ya seli hizo. Seli za maabara hazina ulinzi wa tabaka la nje la ngozi, na mteja hakai dakika 20 mfululizo chini ya taa, kwa hiyo matokeo hayo hayathibitishi kwamba taa huleta saratani. Hata hivyo, tahadhari ni rahisi: mafuta ya kuzuia jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, au glavu zilizokatwa ncha za vidole.

Vifaa vya chuma huoshwa kwa sabuni na brashi, kisha huchemshwa kwa mvuke wenye shinikizo kama vya hospitali. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo kupangusa tu hakutoshi. Tupa na vijiti visivyoweza kuoshwa hutumiwa kwa mteja mmoja na kutupwa.

Jeli huondolewa kwa pamba yenye asetoni kwa dakika 10 hadi 15, kisha husukumwa kwa upole. Anayeibandua kwa meno au kwa ukucha mwingine huondoka na tabaka la ukucha wake mwenyewe, na ukucha wa mkono huhitaji takriban miezi 6 kuota upya wote.

Katika chumba cha mgonjwa

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawataka wanaogusa wagonjwa wasivae kucha bandia, na kucha zao za asili zisizidi nusu sentimita. Jeli iliyoinuka pembeni huhifadhi unyevu na bakteria ambao kunawa hakuwafikii. Mgonjwa naye anayekwenda kupasuliwa huombwa kuondoa rangi angalau katika kidole kimoja, ili kipimo cha oksijeni kisome vizuri na rangi halisi ya ukucha ionekane.

Vidole vilivyovimba na kupasuka mara nyingi hudhaniwa kuwa na fangasi, na mgonjwa hupewa dawa ya fangasi kwa miezi bila nafuu. Mhudumu wa afya aulize mapema: mgonjwa hufanya kazi gani, na hupaka nini kwenye kucha? Jibu likielekea kwenye jeli, matumizi yasitishwe na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa ngozi kwa kipimo cha kubandika viambato mgongoni. Mzio ukithibitishwa, jina la kemikali liandikwe katika kadi yake, na amweleze daktari wa meno na wa mifupa kabla ya kutibiwa.