Kwa nini kompyuta iliyoambukizwa hairudi mtandaoni siku hiyo hiyo

Mkaazi anayefika ofisi ya kaunti kulipia leseni ya biashara, kisha akaambiwa kompyuta ya dirisha hilo imetolewa mtandaoni, huuliza: kama inawaka, mbona isiunganishwe tu? Swali ni la haki. Foleni ni ndefu, na nauli ya kurudi kesho inatoka mfukoni mwake.

Kompyuta inayoshukiwa kuwa na programu hasidi huchomolewa waya wa mtandao na kuzimiwa waifai ili isiambukize nyingine. Hiyo ni kazi ya dakika moja. Kuirudisha ndiko kuna kazi, kwa sababu kompyuta kuonekana imetulia si ushahidi kwamba imepona.

Mnamo Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilienea katika takriban nchi 150 kwa siku chache, ikifunga faili za watu na kudai malipo ya Bitcoin. Ilijisambaza yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine kupitia dosari ya Windows. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba dosari hiyo tangu Machi, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Nchini Uingereza, maelfu ya miadi ya hospitali ilifutwa. Mashine iliyosafishwa na kurudishwa mtandaoni bila sasisho hilo ingeweza kuambukizwa upya.

Ndiyo maana mafundi wa TEHAMA huanza kwa kutafuta programu ilikoingilia: kiambatisho cha barua pepe, flashi au mfumo wa zamani. Wasipojua, watakuwa wanapiga deki huku bomba likivuja. Kisha, njia ya uhakika ni kufuta diski yote, kuweka mfumo upya pamoja na masasisho yake, na kurejesha faili kutoka nakala iliyohifadhiwa kabla ya maambukizi.

Linalosahaulika mno ni nywila. Ikiwa imeibwa, mwizi ataendelea kuitumia hata kama kompyuta yenyewe imetupwa. Nywila zote zilizotumika kwenye mashine hiyo hubadilishwa, tena kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi. Kuzibadilishia kwenye mashine iliyoambukizwa ni kumkabidhi mwizi nywila mpya. Waya hurudishwa mwisho, na hata hapo mashine hufuatiliwa kwa muda.

Ikibainika kwamba data za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa na huenda wakadhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka ofisi husika kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipofahamu. Wenye data nao wana haki ya kuarifiwa.

Wakati dirisha limefungwa, mkaazi aombe kuelekezwa dirisha jingine. Asikubali kutuma picha ya kitambulisho au pesa kwa simu ya kibinafsi ya afisa, hata akiambiwa ni "kwa leo tu". Malipo yafanywe kwa nambari rasmi ya kaunti, na risiti ichukuliwe.

Utaratibu huu unawafaa pia wenye saibakafe na maduka. Aliye na kompyuta moja tu anaweza kubadilisha nywila za benki na barua pepe kwa simu yake, kabla fundi hajafika.